Kabla ya kununua gari la jamaa, kaa kwanza kiti cha nyuma



Siku hizi mfanyakazi akipata mtoto wa tano, wenzake hawamwulizi tena jina la mtoto. Wanamwuliza: “Na Noah utanunua lini?” Neno Noah limekuwa jina la kila gari la viti saba au nane, hata kama nyuma limeandikwa Ipsum, Wish, Voxy au Sienta. Sioni ubaya. Toyota ilitoa gari lenye jina hilo mwaka 1996, likafuatwa na lingine jipya mwaka 2001. Magari yale yale yaliyowapeleka watoto wa Japani shuleni ndiyo yanashushwa leo Dar es Salaam, yanavuka Tanzania, na baadhi yake yanaishia kwetu kando ya Ziwa Tanganyika: Uvira, Baraka, mpaka Fizi. Yanafika yakiwa na miaka kumi na tano, ishirini, hata zaidi.

Mimi si adui wa gari. Nani kati yetu hajamwona mama mwenye uchungu wa kuzaa akiletwa kwa pikipiki usiku, amebanwa katikati ya mwendeshaji na shangazi yake, mvua inanyesha? Nani hajaona mtoto wa degedege akibebwa mgongoni kilomita nzima? Jamaa yenye gari lake ina dakika ambazo jirani hana. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiweka pesa zako miaka mitatu ili ununue gari, mimi nakupongeza.

Lakini ninaona namna tunavyochagua, na hapo ndipo nina neno. Baba anaingia mbele. Anashika usukani, anawasha moteri, anapiga honi, anafungua redio. Anatazama ile televisheni ndogo inayoongea Kijapani tupu, anacheka. Anatoka anasema: “Gari ni zima.” Bwana, umejaribu kiti kimoja tu, na kiti hicho watoto wako hawatakikaa! Watoto, bibi yako, mama mkwe wako, wote watakaa nyuma. Mimi nasema gari la jamaa lichaguliwe kutoka kiti cha mwisho kabisa, na ukifika mbele uwe umekwisha kuamua nusu ya mambo.

Fikiri kidogo juu ya kazi yako. Mgodini huwashi mashine mpaka umeizunguka, umetazama mipira, freni, taa, mafuta. Kapita akikukuta bila mkanda ndani ya gari la kazi anakushusha, na usiku unalalamika nyumbani kwamba kapita ni mkali. Baraka hakuna kapita. Siku ya likizo wewe mwenyewe ndiye mkubwa wa usalama, na waliomo ndani ya gari ni watu unaowapenda kuliko mashine yoyote ya kompani.

Basi ingia nyuma. Tafuta mikanda. Wauzaji wanashona vifuniko vya viti vizuri sana, vyenye maua na utepe wa dhahabu, na vifungo vya mikanda vinabaki chini ya kitambaa. Toa kitambaa. Ingiza mkono katikati ya viti, utavuta karanga, kofia ya kalamu, pengine na kifungo chenyewe kilichozama tangu Japani. Vuta mkanda polepole: unapaswa kuja. Uvute kwa nguvu mara moja: unapaswa kukataa. Usipokataa, ni kamba tu ya mapambo. Ukiwa umeraruka pembeni au umefungwa fundo, hesabu kama haupo. Kiti cha katikati mara nyingi kina mkanda wa kiunoni tu. Huo ni bora kuliko kukosa, lakini mpe mtu mzima, siyo mtoto mdogo.

Ukimaliza, hesabu vifungo vinavyofunga, usihesabu viti. Gari la viti nane lenye vifungo vitano ni gari la watu watano. Mwambie mwuzaji hivyo hivyo, na bei ianzie hapo.

Kwa nini ninasisitiza? Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS, lilitoa hesabu mwaka 2023: watu karibu milioni 1.19 wanakufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kitu kinachowaua zaidi ya hicho. Si malaria, si kipindupindu tunachokijua sana hapa ziwani. Ni barabara. OMS hiyo hiyo inasema mkanda unapunguza hatari ya kufa kwa karibu nusu kwa mtu aliyekaa mbele, na kwa robo kwa aliyekaa nyuma.

Kina mama wananiambia: “Muganga, mtoto wangu nampakata, mikono yangu inatosha.” Mama, tufanye hesabu pamoja. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama ghafla. Mtoto wako wa kilo 10, kwa kitambo kile kifupi, anavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100. Hiyo ni mifuko miwili ya saruji inayoruka kutoka mikononi mwako. Hakuna mama duniani anayeizuia. Na ukijifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto mapajani, wewe mwenyewe ndiwe utakayemkandamiza. Mtoto mchanga anahitaji kiti chake. Viti hivyo vinapatikana vilivyotumika, vinakuja ndani ya magari haya haya, na watu wanavitupa au kuviweka barazani kukalia kuku! Kabla hujatupa kimoja, uliza nani ana mtoto. Lakini kilichokuwamo ndani ya gari lililogongwa, au chenye ufa, kikatae.

Sasa mlango. Hili halisemwi na mtu, nami nitakaa hapo kidogo.

Japani na Tanzania magari hupita kushoto. Abiria anashuka upande wa kushoto, kwenye ukingo wa njia. Kwetu Kongo tunapita kulia. Noah nyingi za mwanzo, zile za 1996 na kuendelea, pamoja na HiAce nyingi, zina mlango mmoja tu wa kusukuma, nao uko kushoto. Simamisha gari hilo mbele ya soko la Baraka, mlango unafunguka katikati ya njia. Mtoto wa miaka 6 amechoka kukaa, ameona shangazi yake ng’ambo, anaruka. Pikipiki inakuja na mizigo mitatu. Wala si kosa la mtoto, wala la mwenye pikipiki pekee. Gari limetengenezwa kwa barabara nyingine.

Noah iliyotoka mwaka 2001 ina milango ya kusukuma pande zote mbili. Kwangu mimi jambo hilo peke yake linatosha kuiacha ile ya zamani, hata bei yake ikiwa tamu. Kwenye ukingo wa mlango kuna kitufe kidogo cha kuzuia watoto wasifungue kutoka ndani. Kifunge kile cha kushoto, kisifunguliwe tena. Watoto washuke kulia, kila siku, mpaka iwe desturi kama kuvua viatu mlangoni.

Usukani wa kulia una taabu nyingine. Dereva amekaa kwenye ukingo, na mbele yake kuna lori. Ili aone kama njia ni wazi, lazima atoe nusu ya gari katikati ya barabara. Ndiyo maana unasikia dereva anamwuliza aliyekaa kushoto: “Nipite?” Halafu anayejibu ni kijana wa miaka 12 anayetazama simu. Mimi naona ni heri kula vumbi la lori mpaka lisimame. Tena, kabla ya kutoa pesa, nenda duane ukaulize sheria ya usukani wa kulia na ya umri wa gari ilivyo siku hiyo. Mwuzaji atakuambia hakuna shida. Yeye hatalipa.

Turudi nyuma ya gari, kwa sababu jambo linalonitia hofu zaidi kama mtu wa dispanseri liko huko, na halionekani. Ni moshi.

Bomba la moshi la gari la miaka 20 lililopigwa na mawe ya njia ya Fizi halikosi tundu. Moshi wa esansi una hewa moja inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na damu ya mtu inaishika mara zaidi ya 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Magari ya zamani yaliyo na moteri chini ya viti vya mbele yana kifuniko chenye mpira wa kuziba. Mpira ule ukikauka na kuvunjika, hewa ya chini inapanda ndani. Na kuna desturi yetu ya kupakia magunia mpaka mlango wa nyuma haufungi, tunaufunga kwa kamba ukiwa wazi, tunakwenda. Tunadhani watoto wanapata upepo. La! Gari likikimbia, upepo unaozunguka nyuma unarudisha moshi ndani, na wa kwanza kuuvuta ni aliyekaa kiti cha mwisho.

Dalili zake zinadanganya. Mtoto anasema kichwa kinauma, anatapika, kisha analala. Mama anasema ni kizunguzungu cha gari, na baba mbele anafurahi kwamba wametulia. Angalieni hivi: kama watu wawili au watatu wa nyuma wanaumwa kichwa wakati mmoja, na wakishuka wanapata nafuu, usitafute dawa ya kutapika, tafuta tundu la bomba. Simamisha gari, zima moteri, toa wote nje kwenye hewa safi. Mtoto aliyelegea au asiyeamka vizuri apelekwe hospitali mara moja, wala asiachwe “apumzike” ndani ya gari.

Siku ya kununua, omba moteri iwashwe ikiwa baridi, nje, mahali pa wazi. Inama. Ukisikia pumzi inatoka pembeni, pu-pu-pu, au ukiona weusi wa masizi kwenye maungio ya bomba, fundi na alishushe bomba kabla ya pesa kushuka mfukoni mwako.

Uzito nao. Japani, wakipima gari la abiria, wanahesabu kila mtu kilo 55. Watu nane ni kilo 440, na hesabu imefungwa hapo. Mpiga kuchimba wa kompani hii ana kilo 70 au 80. Ukiweka watu wazima nane wa namna hiyo, gari limekwisha kujaa kupita kiasi kabla ya gunia la kwanza la unga wa muhogo, kabla ya kuku, kabla ya godoro la juu. Freni zile ziliwekwa kwa uzito ule. Teremka mlima wa Fizi kuelekea Baraka na mzigo mara mbili, mguu juu ya freni muda wote, utanusa mwenyewe harufu yake. Tumia gia ndogo, na simama zipoe. Tena usimwage maji juu ya gurudumu la moto.

Mipira ya magurudumu isome kama unavyosoma tarehe ya dawa. Pembeni kuna maandishi DOT, na mwisho wake namba nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira wenye miaka kumi usiupeleke njiani hata kama meno yake ni marefu, umekauka ndani. Mengine yanakuja na mipira ya theluji, ina vijikato vingi vidogo na imeandikwa “studless”. Ni laini, imetengenezwa kwa barafu. Kwenye jua letu inaliwa upesi. Kwa hiyo, ndugu, usimpe mwuzaji pesa zako zote. Weka fungu la mipira, freni na bomba kabla hujaanza kubishana bei. Kama fungu hilo halipo, subiri.

Namba ya kilomita usiitegemee sana, inarudishwa nyuma kirahisi. Tazama mpira wa kanyagio la freni na upande wa kiti cha dereva. Kanyagio limelika mpaka chuma na saa inasema kilomita 60.000? Haya.

Na mifuko ya hewa ile ya mbele: magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000, Toyota zikiwamo, yaliitwa na viwanda kwa sababu ya mifuko ya kompani ya Takata, ambayo ilifilisika mwaka 2017. Kipulizio chake kikikaa miaka mingi katika joto na unyevu kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, hiyo ni Baraka yenyewe. Uliza namba ya shasi, mtu mwenye intaneti aitafute kwa kiwanda. Mtoto asikae mbele kwa hali yoyote.

Lazima nizungumze pia na yule anayesema: “Gari litajilipa.” Jumapili ni gari la jamaa, Jumatatu anampa dereva apakie abiria kwenda Mboko au Uvira, alete pesa kila jioni. Sikatazi mtu kutafuta riziki. Ila tazama kiasi unachomdai. Ukimdai pesa za viti kumi na viwili, umemwagiza mwenyewe apakie kumi na viwili, akimbie, na asilale. Halafu Jumapili unawarudisha watoto wako ndani ya gari lile lile, freni zake zimekwisha, vifungo vya mikanda vimekatwa kwa sababu vilikuwa vinawasumbua abiria. Gari moja haliwezi kazi zote mbili, na mimi ningechagua moja.

Pia angalia unakokaa. Jamaa yako ikiwa Baraka mjini, Noah inafaa. Ikiwa Lulimba au Misisi, gari la tumbo la chini litavunjwa na mawe na kuzama kwenye matope ya masika, na kuliinua kwa vipande vya chuma kama wafanyavyo mafundi wengine kunalifanya lipinduke upesi kwenye kona. Huko pikipiki mbili na helmeti nne zitakusaidia zaidi. Najua bibi yako hatapenda kusoma hivyo.

Esansi haipandi na watu. Kwa vile vituo ni vichache, tunanunua kwa akina Kadafi wa kando ya njia, tunaweka bidoni chini ya kiti cha nyuma, “kwa dharura”. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukute cheche. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kati ya Uvira na Bukavu, lori la mafuta lilipinduka na watu wakaja na ndoo kuchota. Moto uliua zaidi ya watu 200. Wengine hawakugusa hata tone; walikuwa wamekaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Bidoni lako la lita 20 si lori, lakini ndani ya gari lililojaa watoto halihitaji kuwa lori.

Nimalize na kina mama wajawazito, kwa sababu wengi wameambiwa mkanda unamwumiza mtoto tumboni. Si kweli, ukifungwa vizuri. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, usipite kitovuni. Wa juu upite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Ukipata ajali, hata ndogo, hata kama huna jeraha, njoo upimwe siku hiyo hiyo, hasa ukiona damu au mtoto ameacha kucheza.

Kila Alhamisi baada ya saa nane mchana nitakuwa dispanseri nikionyesha namna ya kuufunga. Njooni wawili, baba na mama. Mwenye gari aje nalo, alisimamishe karibu na mwembe, mbali na njia ya wagonjwa, na ashushe magunia kwanza ili tuifikie mikanda ya nyuma.